Monita ya Chogo: Pesa Yako Iende Wapi?

Ukipita kwenye fremu za steshenari Maili Moja, Kibaha, au zile za jirani na stendi ya Kisarawe, bado unaweza kukuta kompyuta yenye chogo. Nyingine imefunikwa kitambaa pembeni, nyingine inapiga kazi kutwa: barua za maombi, wasifu wa mtafuta ajira, fomu za mkopo wa chuo. Mwenye mali hana ugomvi nayo maana inawaka. Kinachomkosesha raha ni maneno. Mteja anayesubiri kopi zake anamtazama binti anayechapa, anamwambia: "Dada, na hali yako hiyo, chogo itakudhuru wewe na mtoto. Ina mionzi." Kesho yake anapita mchuuzi na kioo cheusi cha kuning'iniza mbele ya monita, akiapa kwamba kinazuia mionzi yote.

Hapo ndipo mtu mwenye mtaji mdogo anapoanza kuumiza kichwa. Anunue kinga? Abadilishe monita? Binti aache kazi? Nimeyapima machaguo haya kwa shilingi, na jibu langu nalitoa mapema: kwenye mionzi usitoe hata mia, kwa sababu kinachoipunguza hakiuzwi. Pesa uliyo nayo ielekeze kwenye monita ya flati, ambayo umeme utakusaidia kuilipa, kisha utenge kiasi cha kuiondoa chogo kwa njia salama. Hilo la mwisho ndilo watu hulisahau, na kulisahau ndiko kunakoleta madhara kuliko mengine yote.

Kilichomo ndani ya chogo

Chogo ni mrija mkubwa wa kioo ulionyonywa hewa yote. Shingoni, nyuma kabisa, kuna kifaa kinachorusha elektroni kwenda mbele, zikivutwa na umeme wa volti 25,000 hivi kwa monita ya rangi. Zikigonga kioo cha mbele zinawasha nukta za rangi tunazozisoma kama maandishi, na katika kugonga huko huzaliwa pia eksirei, dhaifu sana ukiilinganisha na ile ya hospitali. Kwa hiyo anayesema chogo inazalisha mionzi hasemi uongo. Anachokosa ni nusu ya pili ya habari: kioo chenyewe kimepikwa pamoja na madini mazito, risasi kwa nyuma na shingoni, bariamu na strontiamu kwa mbele, ili kiimeze eksirei hiyo kabla haijatoka nje. Ukizima swichi, elektroni zinakoma na eksirei inakoma papo hapo. Haibaki mezani, haijikusanyi ukutani wala kwenye nguo.

Hofu hii ina mzizi wa kweli. Mwaka 1967 kampuni ya General Electric ya Marekani ililazimika kurekebisha televisheni za rangi zipatazo 90,000 baada ya kugundulika kwamba zinavujisha eksirei kupita kiasi. Chanzo hakikuwa kioo cha mbele. Ilikuwa valvu ya kudhibiti volti kubwa, iliyokuwa ikitupa miale kuelekea chini ya kabati. Watazamaji wa huko wakashauriwa wakae mbali na televisheni, na wazazi duniani kote wakaurithi ushauri huo bila kuambiwa ulikotoka. Mwaka uliofuata, 1968, Marekani ikatunga sheria ya kudhibiti mionzi ya vifaa vya aina hii. Kikomo kwa televisheni kikawa nusu milirontgeni kwa saa, tena kipimo kikichukuliwa sentimita 5 tu kutoka kwenye uso wa kifaa, mahali ambapo hakuna mtu anayeweka kichwa akifanya kazi. Viwanda vikaachana na valvu zile, vikaongeza saketi inayokizima kifaa chenyewe volti ikipanda kupita mpaka.

Sasa tazama kalenda yetu wenyewe. Tanzania Bara, serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta mwaka 1974, na vituo vya televisheni havikuanza kurusha matangazo hadi 1994. Zanzibar ndiyo iliyotutangulia, ikiwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Chogo tunazozijadili hapa, za mezani kwenye steshenari na za sebuleni kwenye king'amuzi, ni za miaka ya 1990 na 2000. Zilitengenezwa muda mrefu baada ya kosa lile kurekebishwa.

Mbali na eksirei kuna mawimbi ya umeme na sumaku yanayotoka kwenye koili za nyuma. Haya ni mambo mawili tofauti, ingawa mchuuzi huyaweka kwenye kapu moja. Sweden ndiyo iliyoyasimamia kwa ukali zaidi: mwaka 1990 ikaja na viwango vya MPR II, kisha shirikisho la vyama vya wafanyakazi wa ofisini la TCO likaweka vyake vilivyobana zaidi, TCO'92, TCO'95 na TCO'99. Zima monita yako, futa vumbi, usome vibandiko vya nyuma na vya kwenye fremu ya mbele. Ukikuta mojawapo ya alama hizo, ujue ilibuniwa kupunguza mawimbi kwa kiwango ambacho kioo cha mchuuzi hakiwezi kukuongezea cha maana.

Kuhusu yule binti mjamzito, swali lake lilishaulizwa na watu wenye uwezo wa kulichunguza. Mwaka 1991 taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, ilitoa matokeo ya utafiti uliowalinganisha wanawake wapokea simu waliokuwa wakitumia skrini za chogo kutwa na wenzao wa kazi hiyo hiyo wasiozitumia. Haukuona tofauti ya kuharibika kwa mimba. Shirika la Afya Duniani nalo lilitoa maelezo yake kuhusu skrini za kompyuta mwaka 1998, likasema mawimbi yake hayajaonekana kuleta madhara kwa afya. Ninayaandika haya kwa msisitizo kwa sababu najua kuna mwanamke anayeweza kupoteza riziki yake kwa neno la mteja aliyesimama kaunta.

Mtu wa kuwa makini ni fundi. Chogo ikiharibika, akaipandisha volti kubwa ili picha ing'ae, au akairuka ile saketi ya kujizima kwa sababu monita inajizima kila mara, basi ameondoa kinga ambayo kiwanda kiliiweka kwa makusudi. Volti ikipanda, eksirei nayo inapanda. Monita inayojizima yenyewe mara kwa mara, au yenye picha inayotanuka na kusinyaa, usiilazimishe ifanye kazi. Na mtu asiye fundi asifungue kasha hata kama limechomolewa ukutani, maana mrija huo hutunza umeme wa volti nyingi muda mrefu baada ya kuzimwa.

Ya bure kwanza

Umbali ndio kinga ya kwanza. Mawimbi ya koili hupungua haraka sana ukisogea: ukiongeza umbali mara mbili, yanashuka hadi karibu moja ya nane. Nyoosha mkono kuelekea kioo ukiwa umekaa wima. Ncha za vidole zikikigusa kwa shida, umekaa vizuri. Meza nyingi za steshenari ni nyembamba, monita imesukumwa mbele ili chogo isigonge ukuta, na mchapaji anaishia kukaa sentimita 30 kutoka kwenye kioo. Isogeze meza kutoka ukutani, chogo ipate nafasi ya kuning'inia nyuma kidogo, ilimradi uzito wake usiipindue. Monita ya inchi 17 ina kilo 15 na zaidi, kwa hiyo hakikisha sehemu kubwa ya kitako chake imekaa juu ya meza.

Katika maabara za kompyuta za shule ndiko mpangilio unakoharibika zaidi. Safu zinapangwa kama darasa la kawaida, kwa hiyo kila mwanafunzi anaangalia kioo chake huku chogo ya mwenzake wa mbele ikimkabili usoni, na mawimbi ya monita za zamani ni makali zaidi nyuma na pembeni kuliko mbele. Zipange kuzunguka kuta, chogo zote zikitazama ukuta na wanafunzi wakikaa katikati. Mwalimu anapata faida nyingine, ya kuona skrini zote akiwa amesimama mahali pamoja. Hakuna gharama zaidi ya kuhamisha meza na kuurefusha waya wa umeme.

Lakini kinachowaumiza watu hasa mbele ya chogo ni kupepesa. Kioo kile huchorwa upya mara nyingi kila sekunde, na kompyuta nyingi za zamani zimeachwa kwenye hezi 60, yaani mara 60. Jicho linachoka, kichwa kinagonga ifikapo alasiri, na mtu anahitimisha kwamba ni mionzi. Jipime hivi: fungua ukurasa mweupe ujaze skrini, shika kalamu mbele yake uipunge haraka kushoto na kulia. Kwenye hezi 60 utaona kalamu nyingi zilizotengana, kama vidole vya mkono. Ukipandisha hadi 75 au 85, zinasogeleana, na weupe unatulia ukiutazama kwa pembe ya jicho. Kwenye Windows za zamani mpangilio huo uko ndani ya sifa za onyesho, kwenye mipangilio ya kina ya monita. Chagua namba kubwa ambayo orodha inakuruhusu, usilazimishe iliyo nje ya orodha. Inchi 17 ikikataa 85 kwenye ukubwa wa 1280 kwa 1024, shuka hadi 1024 kwa 768, itakubali. Ni kazi ya dakika tano, na kwa maoni yangu ina faida kuliko kila kinga inayouzwa.

Usiku na wakati wa chakula zima monita kwa kitufe chake. Picha zinazocheza skrini ikiwa haitumiki hazipunguzi umeme wala mawimbi, maana mrija unaendelea kufanya kazi ile ile.

Kioo cha mchuuzi

Nikirudi kwenye kile kioo cheusi: kina kazi mbili halali. Kinapunguza mng'ao wa dirisha au taa ya nyuma yako, na kikiwa na utando unaopitisha umeme uliounganishwa ardhini, kinaondoa ule umeme tuli unaosimamisha vinyweleo vya mkono na kuvuta vumbi kwenye kioo. Eksirei hakina cha kuzuia, kwa sababu kioo kizito cha monita kimeshaimeza. Mawimbi ya sumaku hukipenya kama kwamba hakipo.

Hata hiyo kazi ya pili mara nyingi haifanyiki. Kitazame kioo kwa karibu: pembeni mwake kuna waya mwembamba wenye klipu au kijiduara cha shaba mwishoni. Waya huo lazima ukazwe kwenye skrubu ya chuma ya kasha la kompyuta, na kasha lipate ethi kupitia soketi ya ukutani. Kwenye fremu nyingi za kupanga, ethi haijachimbwa, au kompyuta imechomekwa kwenye ekstensheni ya pini mbili. Waya unaachwa unaning'inia, na mtu amenunua kipande cha plastiki chenye kivuli. Tena ukanda wetu wa Pwani una unyevu hewani, na unyevu wenyewe unaupunguza umeme tuli bila kumdai mtu. Kama tatizo lako ni mng'ao, geuza meza ili dirisha liwe ubavuni mwako. Kama tatizo ni vumbi, futa kioo kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, monita ikiwa imezimwa.

Mwenye dhamana ya kusimamia mionzi nchini ni Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya 2003. Anayekuuzia kinga kwa asilimia fulani, mwulize hiyo asilimia ilipimwa na nani, na ni ya mionzi ipi. Kwa hiyo chaguo hili mimi nalifuta. Hata kikiuzwa shilingi 20,000, hizo 20,000 ni sehemu nzuri ya bei ya monita ya flati iliyotumika.

Risiti ya LUKU inasemaje

Sasa tuingie mahali ambapo chogo inakula pesa kweli. Monita ya chogo ya inchi 17 hutumia wati 80 hivi. Flati ya zamani ya ukubwa huo, yenye taa nyembamba za mrija ndani yake, hutumia wati 35 hivi. Flati ya LED ya inchi 19 hutumia kama wati 18. Steshenari inayofungua saa 10 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, ina saa 260. Chogo itakula uniti 20.8, flati ya zamani 9.1, na ya LED 4.7.

Biashara ndogo ikiwa kwenye kundi la T1 la TANESCO, uniti moja ni shilingi 292 kabla ya makato. Ukiongeza VAT asilimia 18, REA asilimia 3 na EWURA asilimia 1, inafika kama 356. Makato hayo yameandikwa kwenye risiti yako ya LUKU. Kama bei yako ni tofauti, rudia hesabu kwa namba zako. Kwa 356, chogo inagharimu shilingi 7,400 kwa mwezi, flati ya zamani 3,240, na ya LED 1,670. Kwa mwaka chogo imekula karibu 89,000, flati ya zamani 39,000, LED 20,000.

Kwa hiyo ukikuta flati ya mtumba kwa 80,000, umeme pekee utairudisha pesa hiyo ndani ya miezi 19 hivi. Ukiipata kwa 60,000, ni miezi 14 na kitu. Flati mpya ya LED ya 250,000 inahitaji karibu miezi 44, na hapo ndipo namwambia mwenye mtaji mdogo asikimbilie mpya kwa sababu ya umeme tu. Inunue mpya kama unahitaji dhamana ya muuzaji na skrini kubwa ya kupangia vitabu au mabango. Kwa kuchapa barua, mtumba mzuri unatosha.

Kwa shule hesabu inakuwa nzito zaidi. Maabara yenye chogo 20, zikiwashwa saa 6 kwa siku, siku 22 kwa mwezi, inatumia uniti 211, ambazo ni kama shilingi 75,000. Flati za zamani 20 zingetumia 33,000. Tofauti ni 42,000 kila mwezi wa masomo. Mkuu wa shule anayepewa chogo za msaada kutoka ofisi inayozitupa anapaswa kuiona namba hiyo kabla ya kutia sahihi ya kuzipokea, kwa sababu zawadi ile inakuja na ankara yake na, mwishoni, na mzigo wa kuzitupa.

Nyumbani kuna mtego mwingine. Walio kwenye kundi la D1 wanalipa bei nafuu ilimradi wasipite uniti 75 kwa mwezi. Familia inayotumia uniti 60, ikaongeza kompyuta ya chogo inayowashwa kutwa na kijana anayejifunza kazi, imevuka mstari, na kila uniti ya ziada inatozwa bei ya juu. Kwa walio vijijini Kisarawe wanaotegemea sola, sina haja ya kueleza sana: wati 80 za monita pekee, bila kasha, zinamaliza betri kabla kazi haijaanza. Huko chaguo ni kompyuta mpakato iliyotumika, yenye skrini na betri yake, hata kama bei yake inaanza juu kuliko monita.

Umeme ukikatika, flati inakupa dakika za ziada kwenye UPS kwa sababu mzigo umepungua. Chumba nacho kinapoa, maana wati zote zile huishia kuwa joto, na fremu ya bati mwezi wa pili haihitaji msaada wa kupata joto.

Ukienda kununua

Kutoka Kibaha njia ya kawaida ni kushuka Mbezi kisha Kariakoo. Kutoka Kisarawe unapitia Gongo la Mboto. Kariakoo ina uteuzi mpana na bei inayojadilika. Muuzaji wa Maili Moja atakuongezea kidogo, lakini monita ikianza kuonyesha mistari wiki ya pili unaijua fremu yake, na hujalipa nauli ya kurudi wala siku ya kazi iliyopotea. Kwa monita moja, mimi ningenunua karibu na nyumbani kama tofauti haizidi nauli ya kwenda na kurudi mara mbili. Kwa kumi, ningekwenda mjini na fundi wangu.

Usinunue flati iliyotumika bila kuiona ikiwaka kwa angalau robo saa. Ikianza na rangi ya waridi au giza pembeni, taa zake za ndani zinakaribia kufa. Weka ukurasa mweupe wote, kisha mweusi wote, utafute nukta zilizokufa na mistari. Tega sikio nyuma: mlio mwembamba ni dalili ya kapasita zilizochoka. Angalia tundu la waya pia. Kompyuta za zamani zina tundu la VGA tu, na flati mpya nyingine zina HDMI pekee, hivyo kigeuzi kinakuwa gharama isiyotajwa. Mwisho, dai risiti, na uiombe iandikwe namba ya monita.

Chogo inakwenda wapi?

Flati imefika, chogo imeshushwa chini. Hapa ndipo hatari ya kweli inapoanza, na ndiyo sababu ya kuandika makala hii.

Yale madini ya risasi yaliyokulinda dhidi ya eksirei bado yamo kwenye kioo. Ni kuanzia kama kilo moja kwa monita ya kawaida, na zaidi kwa televisheni kubwa. Kioo kikiwa kizima, risasi imefungwa ndani yake na haimdhuru mtu. Kikivunjwavunjwa kinatoa vumbi na vipande, na ndani ya kioo cha mbele kuna unga wa rangi ambao haufai kuvutwa puani. Risasi inaharibu ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Kwa mama mjamzito inavuka hadi kwa mtoto tumboni. Yule binti aliyetishwa kwa kukaa mbele ya monita nzima alikuwa salama pale. Mahali asipotakiwa kukaa ni nyuma ya fremu, siku mtu anapoivunja.

Na itavunjwa, kwa sababu ya shaba. Shingoni mwa mrija kuna koili nzito ya shaba ambayo mnunuzi wa skrepa anaitaka. Njia ya haraka ya kuitoa ni kupiga shingo kwa nyundo, hewa inaingia kwa kishindo, vipande vinaruka, shaba inachukuliwa na kioo kinaachwa palepale. Waya zinachomwa moto ili plastiki iungue, na moshi wake una sumu zinazobaki mwilini na kwenye udongo. Wanaofanya hivyo mara nyingi ni vijana wadogo, mikono mitupu. Pesa anayokupa mnunuzi wa skrepa kwa chogo ni ndogo, na anayeilipia kwa afya ni yeye na watoto wanaocheza pale kioo kilipoachwa.

Kwa hiyo linganisha tena, safari hii kwa njia za kuondoa. Kumuuzia mtu wa skrepa kunakupa hela kidogo leo. Kumpa ndugu wa kijijini hakumalizi jambo, kunalihamisha: chogo itakufa huko Maneromango au Mlandizi, mahali ambapo kumpata mkusanyaji ni kugumu zaidi. Kuitupa kwenye shimo la taka au kuifanya kifusi ni kuiweka risasi ardhini kwa hiari yako. Njia ya nne ni mkusanyaji wa taka za kielektroniki mwenye kibali cha NEMC, baraza linalosimamia mazingira chini ya sheria ya 2004. Mwombe akuonyeshe kibali hicho, umuulize kioo anakipeleka wapi. Mwingine atakutoza badala ya kukulipa. Usishangae, kwa sababu kioo chenye risasi hakina soko kama shaba, na mahali popote duniani chogo hugharimu kuiondoa. Kenya wana kituo cha WEEE Centre jijini Nairobi, na Rwanda wana kiwanda Bugesera. Sisi tunastahili mahali pa kupokelea taka hizi katika kila mji wa wilaya, Kisarawe ikiwemo, na mkazi asilazimike kuzisafirisha hadi Dar es Salaam kwa nauli yake.

Kwa sasa gharama ya usafiri ndiyo inayowakatisha watu tamaa, na dawa yake ni kuungana. Chogo moja kwenye bodaboda haina maana na ni hatari. Steshenari, saluni na nyumba za mtaa mmoja zikikusanya zao zikajaza kirikuu kimoja, gharama ya kila mmoja inakuwa ndogo. Shule ya serikali ina hatua moja zaidi: vifaa hivyo ni mali ya umma, kwa hiyo lazima vifutwe kwenye daftari kwa utaratibu wa halmashauri kabla havijatoka getini.

Ukisubiri safari hiyo, iweke chogo ndani, pakavu, kioo kikitazama chini juu ya gunia au boksi, mbali na watoto, na waya wake ukiwa umefungwa bila kukatwa. Usiigeuze kiota cha kuku wala chungu cha maua. Ikivunjika kwa bahati mbaya, watoe watoto na wajawazito kwanza, fungua madirisha, vaa glavu, okota vipande na ufute sakafu kwa kitambaa chenye maji, usifagie kikavu. Vyote, pamoja na kitambaa, viingie kwenye boksi lililofungwa kwa utepe wa gundi, liandikwe kwa kalamu nzito "kioo cha monita, kina risasi", lisubiri kirikuu pamoja na zile nzima. Flati ya zamani nayo ikifa siku moja, iweke hapo hapo bila kuivunja, kwa sababu taa zake za mrija zina zebaki kidogo.